Sisibo na Miji ya Ukingoni

Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho kabla haujawa mashamba. Walioachia jina lao ni Wamaasai wa Uasin Gishu, waliosambaratishwa na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19. Nyuma yao wakaja Wanandi na Wakeiyo na mifugo yao. Mwaka 1903 Waingereza waliwapendekezea Wayahudi eneo hilo liwe makao yao. Wajumbe wakaja kulikagua, na mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel ukalikataa mwaka 1905. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika kikao kilichoitishwa kwa jina la amani. Upinzani wa miaka kumi ukavunjika, Wanandi wakasukumwa kwenye hifadhi, na uwanda ukabaki ukimngoja mgeni ambaye serikali ingempenda.

Aliyependwa ni Kaburu. Mwaka 1908 msafara wa Van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ukapita matope na mianzi ya Timboroa, ukafika karibu na kilima cha Sergoit. Mashamba yakapimwa na kupewa namba. Shamba namba 64, kando ya mto Sosiani, halikuwa na udongo wa kutamaniwa, ndiyo maana likafanywa mahali pa posta mwaka 1910. Walowezi wakapaita Sixty-Four, Wakalenjin wakapaita Sisibo, na mwaka 1912 serikali ikapaandika Eldoret. Mwaka huo benki ikafunguliwa. Husimuliwa kwamba sefu yake ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikashinda watu kuinua, basi kuta zikajengwa kuizunguka palepale ilipoangukia. Reli ilifika 1924, maji ya bomba 1928, umeme 1933. Ngano, mahindi na magome ya miwati vikapata njia ya kwenda Mombasa.

Hapo ndipo historia nyingi za Eldoret hukomea: Kaburu, reli, ngano. Lakini ukienda mashariki kilomita 35 hivi, ardhi inakatika ghafla. Ni ukingo wa Elgeyo, unaoshuka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio, na miji yake ina historia iliyoilea Eldoret kuliko treni ilivyofanya.

Mji mkubwa wa kwanza huko ulikuwa Tambach, uliokaa kwenye kibaraza cha mlima, katikati ya juu na chini. Wakeiyo walikuwa wamepoteza misitu ya juu, sehemu yake ikiwa imetolewa kwa Ewart Grogan akate mbao, na vijana wao wakawa vibarua kwenye mashamba ya uwandani. Serikali ikaweka boma la mkuu wa wilaya (DC) Tambach, na pamoja na boma ikaja shule na chuo cha walimu. Kijana mmoja wa Sacho, Daniel arap Moi, alisomea ualimu hapo kuanzia 1945. Kwao ni ng'ambo ya bonde, kwenye vilima vya Tugen, ambako mji wa Kabarnet umechukua jina la mmisionari Barnett: Kap-Barnett, kwa Barnett. Miaka thelathini na ushei baadaye mwalimu huyo alikuwa rais, na katika utawala wake lami ilipasua ukingo kutoka Iten hadi Kabarnet. Mwaka 1984 Eldoret ikapata Chuo Kikuu cha Moi. Mwanafunzi wa Tambach alikuwa ameurudishia uwanda zaidi ya ulichowapa wazee wake.

Boma lilihamia Iten, juu kabisa, mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Iten ilikuwa na shule ya wavulana ya St. Patrick's, na mwaka 1976 akaja Mwairishi, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Riadha alijifunzia hapohapo kazini. Ibrahim Hussein, aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo, akashinda marathoni ya New York mwaka 1987. Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Na David Rudisha, aliyenolewa na Bruda, akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Pesa za mbio zilishuka Eldoret. Washindi walinunua mashamba na kujenga maghorofa ya kupangisha. Kiwanja cha ndege kikawa mahali pa kuwapokea: mama anashika kibuyu cha mursik, maziwa yenye rangi ya kijivu kwa mkaa wa senetwet, bingwa anakunywa kwanza, kamera baadaye.

Historia hii ina ukurasa wa aibu pia. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na mji lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Ardhi iliyogawanywa kwa namba mwaka 1908 ilikuwa bado haijamaliza kudai.

Mkazi wa Eldoret akitaka upepo wa bahari, Mombasa iko karibu kilomita 800. Ndiyo maana Jumapili wengi hupanda matatu ya Iten. Ukingoni kuna vijana wa kupaa kwa parashuti, na barabarani chupa za asali na maembe ya bondeni. Ukishuka kona za Tambach, malori ya maembe yanapanda kwa gia ya kwanza, turnboi akining'inia nyuma. Chini kabisa, kwenye korongo la Cheploch, mto Kerio unajibana kati ya miamba, na vijana wa hapo wanajirusha majini kutoka juu kwa malipo ya watazamaji, ilhali mto una mamba. Anayeogopa hulipa na kutazama, wengi hulipa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 Eldoret, na Agosti 2024 ikapewa hati ya jiji, la tano nchini. Tangu 2013 barabara ya kutoka Eldoret hadi Kabarnet inapita kaunti tatu, kila moja na gavana wake: Uasin Gishu, Elgeyo-Marakwet na Baringo. Mgonjwa wa Kabartonjo, huko Baringo, akizidiwa hupelekwa hospitali ya rufaa Eldoret, na embe la Kerio huuzwa Eldoret. Hati imeandikwa jina moja, lakini wanaolijaza jiji wanapanda ukingo kila asubuhi. Bajeti ya jiji ikipangwa bila kuihesabu barabara ya Iten, itakuwa imepangiwa nusu ya mji.