Asili ya Vijineno "A" na "The"

Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa kwamba *a* huongezewa *n* mbele ya irabu. Historia yaonyesha kinyume. Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kilikuwa na neno *ān*, yaani "moja". Lilipopungukiwa na mkazo likawa *an*, kisha *n* ikadondoka mbele ya konsonanti. Basi *n* haikuongezwa, ilisalia tu.

Hapo mpaka baina ya kijineno na jina ukapotea masikioni mwa watu. *A napron*, vazi la mpishi, likakatwa kuwa *an apron*. *A nadder*, nyoka, akawa *an adder*. Naye *an ewt*, mnyama mfano wa mjusi, akatwaa *n* isiyo yake akawa *a newt*. Hakuna mwalimu leo athubutuye kuyasahihisha.

*The* latokana na kionyeshi *se*, ambacho sauti yake ya mwanzo ilifuatishwa na maumbo yake mengine yenye *th*. Njia hiyo si ngeni kwetu: msimulizi asemapo "yule mfalme" hamwonyeshi mtu kwa kidole.

Kilatini hakina vijineno hivi, nao wanasarufi walifuata Kilatini. Ben Jonson, katika sarufi iliyochapwa 1640 baada ya kufa kwake, ilimbidi kuongeza aina ya tisa ya maneno.

Tena kanuni yenyewe ni ya sauti, si ya herufi. Biblia ya 1611 ina *an house*, kwa kuwa *h* ilikuwa hafifu. Leo husemwa *a house*, lakini *an hour*. Mwanafunzi aandikaye *an university* ametii kanuni ileile aliyofundishwa.