Ndoa za jinsia moja na mkono wa serikali nchini Afrika Kusini

Afrika Kusini ilihalalisha ndoa za watu wa jinsia moja tarehe 30 Novemba 2006. Ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika na ya tano duniani, baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada. Mabishano yaliyozaa sheria hiyo huchanganya maswali mawili: je, watu wa jinsia moja waruhusiwe kuoana, na serikali ina kazi gani katika ndoa ya mtu yeyote? Swali la pili ndilo kongwe, na ndilo gumu.

Serikali ya makaburu iliingiza mkono katika ndoa mapema. Sheria ya 1949 ilikataza Wazungu kuoana na watu wa rangi nyingine, na haikufutwa hadi 1985. Ndoa za kimila, hata pale lobola (mahari) ilipolipwa ng'ombe wote, hazikuhesabiwa sawa na zile za bomani mpaka sheria ya 1998, iliyoanza kutumika Novemba 2000, ilipozitambua kikamilifu, zikiwemo za wake wengi. Waislamu wa Cape Town na kwingineko walingoja zaidi: ni mwaka 2022 tu ambapo Mahakama ya Katiba iliamua kuwa kutozitambua ndoa zao kunavunja Katiba.

Katiba ya 1996 ilikataza ubaguzi kwa misingi mingi, ukiwemo mwelekeo wa kijinsia wa mtu. Haikuwahi kutokea katiba ya nchi nyingine kutamka hivyo. Kwa kuegemea kifungu hicho, wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja kwa muda mrefu walikwenda mahakamani kudai haki ya kuoana. Kikwazo chao kilikuwa kidogo mno kwenye karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1961 ilimtaka ofisa amuulize kila mmoja kama anamchukua mwenzake kuwa mke wake halali, na katika mabano yakafuata maneno "au mume". Palikosekana neno la kuwafaa wao.

Hukumu ya kesi hiyo, ijulikanayo kama kesi ya Fourie, iliandikwa na Jaji Albie Sachs na kutolewa tarehe 1 Desemba 2005. Chama cha madaktari cha Doctors for Life na umoja wa kutetea ndoa, Marriage Alliance, viliingia kama marafiki wa mahakama. Hoja za upande uliopinga zilikuwa nzito kwa wafuasi wake: kwamba ndoa ni ya kuzaa, kwamba dini ziheshimiwe, kwamba sheria za kimataifa zinajua ndoa ya mume na mke tu. Sachs alizikataa moja baada ya nyingine. Kuhusu uzazi alieleza kuwa hoja hiyo inawadhalilisha pia wasiojaliwa watoto na waliooana uzeeni. Kuhusu dini alikuwa mwangalifu zaidi: imani ina nafasi kubwa katika maisha ya watu, alisema, lakini haiwezi kuwa kipimo cha haki za raia wengine, na hakuna kasisi atakayelazimishwa. Bunge likapewa miezi 12 kurekebisha sheria. Jaji Kate O'Regan peke yake alitaka haki ianze siku ileile.

Vikao vya kukusanya maoni vilipita katika mikoa yote tisa, na kwingi wapinzani ndio waliosikika zaidi. Chama cha Kikristo cha ACDP, cha Mchungaji Kenneth Meshoe, kilitaka Katiba yenyewe ibadilishwe. Tume ya kurekebisha sheria ilikuwa imependekeza sheria mbili sambamba, moja ya wote na nyingine ya wanaoshikilia ndoa ya jadi. Baadhi ya wanaharakati nao walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba kuwatungia watu wa jinsia moja sheria ya pembeni kunanuka ubaguzi wa zamani: mlango wako huu, wangu ule. Hata hivyo Sheria ya Muungano wa Kiraia ilipita kwa kura 230 dhidi ya 41, ikatiwa saini na kaimu rais Phumzile Mlambo-Ngcuka ikiwa imebaki siku moja tu. Wahusika wanaruhusiwa kuuita muungano wao "ndoa" au "ubia wa kiraia", wapendavyo.

Kifungu cha 6 kilimruhusu hata ofisa wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizo kwa sababu ya dhamiri. Hapo ndipo sheria ilipojipinga: kasisi ni wa kanisa lake, ila ofisa ni mtumishi wa umma. Kifungu kilifutwa mwaka 2020. Makanisa yamebaki na uhuru wao, ingawa nayo hayakutulia. Kanisa la Kireformati la Kidachi liliruhusu ndoa hizo 2015, likageuka 2016, na mwaka 2019 mahakama ya Pretoria ikabatilisha uamuzi huo wa pili.

Msomaji wa Tanzania, aliyezoea Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoweka ndoa za dini, za kimila na za serikali chini ya paa moja, ataona ajabu kwamba Afrika Kusini ina sheria tatu za ndoa. Serikali imejaribu kuziunganisha. Andiko la mjadala la 2021 lilipogusia mke kuwa na waume wengi, baadhi ya wanaume wenye wake wengi walipiga kelele. Muswada wa sheria moja ya ndoa zote ulifikishwa bungeni Desemba 2023.