Chakula cha Njiani Ugogo: Kutoka Posho ya Misafara hadi Mezani Chamwino

Buigiri, kijiji cha Wilaya ya Chamwino kilicho zaidi ya kilomita 30 mashariki mwa jiji la Dodoma, kinajulikana kwa shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 kuliko kwa migahawa yake. Hata hivyo, kijiji hicho kimo katika nchi ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikiwalisha wapita njia, na historia ya kula nje ya nyumbani katika uwanda huu wa kati ni historia ya njia zenyewe: ya misafara, ya reli, kisha ya barabara kuu.

Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, na ilikuwa vigumu kuikwepa nchi hiyo, kwa kuwa mashariki yake ilitanda Marenga Mkali, nyika iliyokosa maji ya kutosha, na magharibi yake Mgunda Mkali, pori refu lililokuwa na vijiji vichache. Kati ya mapori hayo mawili msafara ulilazimika kutua, kunywa na kula. Wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walilishwa kwa posho, mgao wa chakula cha kila siku, ambao kwa kawaida ulikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa kila mtu, kibaba kikiwa ni robo ya pishi. Na palipokuwa na wauzaji wa chakula, mgao huo ulitolewa kwa vipande vya kitambaa au kwa shanga ili kila mmoja ajinunulie. Chakula kiliifuata kambi. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyepita Mvumi na Bihawana huko Ugogo mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, aliandika kuhusu wenyeji walioleta kambini maziwa, asali, samli, mtama, uwele, mahindi, kunde, karanga, maboga na matikiti. Orodha hiyo inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu Ugogo huandikwa mara nyingi kama nchi ya njaa tu, ilhali hapa inaonekana ikiwa na ziada ya kuuza.

Biashara hiyo ilikuwa na wenyewe. Watemi, watawala wa kijadi wa Wagogo, walitoza hongo, ushuru wa kupita uliolipwa hasa kwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, doti moja ikiwa na urefu wa mikono minane. Na hata maji ya visima hayakuchotwa bure. Wasafiri wa Ulaya walilalamikia hongo kwa maneno makali, lakini malalamiko yao hayazingatii jambo la msingi, kwamba mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kila kibaba kilichouzwa kwa msafara kilitolewa katika ghala ambalo familia ililitegemea hadi mavuno mengine.

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa hatua hiyo chakula cha njiani kilihama kutoka kambini kwenda stesheni. Mkabala na stesheni ya Dodoma palisimama hoteli ya wageni wenye uwezo. Nyuma yake, katika mtaa wa wafanyabiashara wa Kihindi ulioitwa Uhindini, mji ulikua kwa maduka. Mabadiliko hayo yalikatizwa na Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipofuata ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu kabla ya kwisha mwaka 1920. Nchi iliyokuwa ikiwalisha wengine haikuwa na cha kujilisha yenyewe.

Njia ya tatu, ile ya barabara kuu, ilikuja kwa siasa. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, Rais Julius Nyerere alikaa na kufanya kazi pamoja na wanakijiji wa Chamwino. Mwaka 1973 chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Uhamisho wa serikali ulitangazwa upya mwaka 2016, na Ikulu mpya ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Watumishi, madereva na wageni wa mikutano walihitaji kula, na waliowalisha kwa wingi ni mama ntilie, wanawake wanaopika na kuuza chakula katika vibanda. Chakula chenyewe, hata hivyo, ni kile kile cha kila mji wa Tanzania: wali kwa maharage, ugali wa sembe, chipsi mayai. Mjini Dodoma, mgahawa wa Chako ni Chako umejipatia sifa kwa kuku, na nyama choma ya mbuzi ndiyo fahari ya mkoa, hasa kwenye minada ya mifugo kama ule wa Msalato, ambako mnyama aliyenunuliwa asubuhi huweza kuwa juu ya makaa kabla ya adhuhuri. Mnadani mpishi, mfugaji na mlaji hukutana mahali pamoja. Zabibu, zilizoletwa Bihawana na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, zimekuwa tunda la kununuliwa kando ya barabara msimu unapowadia.

Uwele na mtama, nafaka zilizoilisha misafara, ni nadra kuzikuta katika migahawa mikubwa. Anayetaka ugali wa uwele kwa mlenda hana budi kuuliza kwa mama ntilie, tena mapema, kabla sufuria haijaisha. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma katikati ya mwaka 2024, abiria anayetoka Dar es Salaam hufika kwa saa zisizozidi nne bila kulazimika kutua njiani, na huenda wapishi wa Buigiri na Chamwino wakazidi kuwategemea walaji wanaoishi papo hapo: walimu, makarani wa halmashauri na mafundi wa ujenzi.