Nothing Personal
Nothing Personal ni filamu ya drama ya mwaka 2009 kutoka Uholanzi na Eire, iliyoandikwa na kuongozwa na Urszula Antoniak. Nyota wake ni Lotte Verbeek na Stephen Rea. Filamu inahusu mwanamke kijana wa Kiholanzi anayeacha nyumba, ndoa na mali zake, kisha anakwenda kuishi peke yake katika maeneo ya mashambani ya Eire. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Antoniak kwa ajili ya kumbi za sinema.

Hadithi
Filamu inaanzia Amsterdam, ambako mwanamke anakaa katika nyumba iliyobaki tupu. Vitu vyake vimewekwa nje barabarani na wapita njia wanavichagua na kuondoka navyo. Anavua pete ya ndoa. Mtazamaji haambiwi ndoa hiyo ilivunjika vipi.

Baadaye anaonekana Eire, akiwa na mkoba na hema. Anatembea kwa miguu katika Connemara, nchi ya mawe, majani na upepo wa bahari, na hataki kuzungumza na mtu. Siku moja anafika kwenye nyumba iliyojitenga kando ya maji. Mwenye nyumba ni Martin, mjane wa makamo anayeishi peke yake na vitabu vyake na muziki wake. Martin anampa pendekezo: afanye kazi bustanini na nyumbani, naye atapata chakula. Mwanamke anakubali kwa sharti moja, yaani wasiulizane lolote kuhusu maisha yao. Hata jina lake hataki kulitaja, hivyo Martin anamwita "wewe" tu.

Kadiri siku zinavyopita, sharti hilo linakuwa gumu kulishika. Wawili hao wanazoea kula pamoja, na kila mmoja anaanza kutamani kumjua mwenzake. Mwanamke aliyekimbia maisha ya watu wawili anajikuta tena karibu na mtu mwingine, na inambidi aamue kama uhuru wake unaweza kustahimili ukaribu huo. Mwishoni Martin anafariki, na mwanamke anabaki tena peke yake.

Wahusika
- Lotte Verbeek kama Anne, mwanamke msafiri
- Stephen Rea kama Martin, mwenye nyumba

Utengenezaji
Antoniak alizaliwa Poland na anafanya kazi Uholanzi. Kabla ya filamu hii alikuwa ametengeneza filamu ya televisheni Bijlmer Odyssey (2004). Picha za Connemara zilipigwa na Daniël Bouquet. Muziki ni wa Ethan Rose.

Rea, mzaliwa wa Belfast, alikuwa tayari mwigizaji mashuhuri. Aliwahi kuteuliwa kugombea Tuzo ya Oscar kwa filamu ya The Crying Game (1992). Verbeek hakuwa bado anajulikana nje ya nchi yake.

Mtindo
Filamu imegawanywa katika sura zenye vichwa vinavyoandikwa kwenye skrini, kama vile "Upweke" na "Ndoa". Mpangilio wake ni kinyume cha kawaida, kwa kuwa mwisho wa uhusiano unatangulia mwanzo wa uhusiano. Mazungumzo ni machache, mengi yakiwa kwa Kiingereza. Badala yake hadithi inaelezwa kwa kazi za mikono, milo, mandhari na ukimya. Jina la filamu lina maana mbili: ni sharti la wahusika la kutogusa mambo binafsi, na pia ni hali ya mtu asiyebaki na kitu chochote cha kwake.

Mapokezi na tuzo
Filamu ilioneshwa katika Tamasha la Filamu la Locarno, Uswisi, mwezi Agosti 2009. Huko Verbeek alipata tuzo ya Chui ya mwigizaji bora wa kike, na filamu ikapata tuzo ya filamu bora ya kwanza pamoja na tuzo ya FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu.

Mwaka huohuo ilishinda tuzo nne za Gouden Kalf (Ndama wa Dhahabu) katika Tamasha la Filamu la Uholanzi:
- Filamu bora
- Mwongozaji bora (Urszula Antoniak)
- Upigaji picha bora (Daniël Bouquet)
- Sauti bora (Jan Schermer)

Baada ya hapo Antoniak aliongoza Code Blue (2011), na Verbeek aliigiza kama Giulia Farnese katika tamthilia ya televisheni The Borgias (2011–2013).