Sugu ni Nani: Ugonjwa, Mwili au Mbu?

Anayeingia duka la dawa muhimu pale Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, mara nyingi huwa ameshajipima mwenyewe. "Nina UTI sugu," atasema, kisha aombe vidonge vikali kuliko vile vya mwezi uliopita. Wa nyuma yake ana malaria sugu. Wakirudi nyumbani watapita mbele ya kibao cha tiba asili kinachoahidi kumaliza vidonda vya tumbo sugu, fangasi sugu na kikohozi sugu. Na siku wakifika hospitali watalikuta neno hilohilo katika matangazo ya afya, safari hii limevaa kiambishi: usugu wa dawa.

Kwa asili, sugu ni ngozi iliyoota ugumu kwa kusuguliwa: kiganja cha mwenye jembe, kisigino cha anayetembea peku, paji la uso la anayesujudu sana. Kutoka hapo likazaliwa neno la lawama. Mwizi sugu ni yule aliyefungwa, akatoka, akaiba tena. Wadaiwa sugu wa maji, umeme na mikopo ya elimu ya juu hutangaziwa kila mwaka kwamba safari hii hawataachwa. Ndani ya matumizi hayo mna mambo mawili yaliyoshikana: kudumu kwa muda mrefu, na kutosikia adhabu. Neno lilipoingia hospitalini liliingia nayo yote mawili, na hapo ndipo wagonjwa na wataalamu wanapopishana.

Chukua homa ya ini sugu na kifua kikuu sugu. Yanasikika kama ndugu, lakini hayahusiani. Homa ya ini aina ya B huitwa sugu pale virusi vinapobaki mwilini zaidi ya miezi 6. Hapa sugu maana yake ni ya muda mrefu tu. Virusi hivyo havijashinda dawa yoyote, na huenda mwenye navyo hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki navyo, ilhali kwa mtu mzima uwezekano huo hauzidi asilimia 5. Wengi hawana dalili kwa miaka mingi, na si kila mmoja anahitaji dawa. Anayehitaji hupewa tenofoviri, nayo hufanya kazi vizuri.

Kifua kikuu sugu ni habari nyingine kabisa. Mgonjwa anaweza kuwa na wiki 3 tu za kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, lakini bakteria waliomwingia tayari hawafi kwa rifampisini wala isoniazidi, dawa mbili zilizo nguzo ya tiba ya kawaida. Huyo hana ugonjwa wa muda mrefu; ana ugonjwa mpya wenye bakteria waliokwisha kuzishinda dawa mahali pengine, ndani ya mtu mwingine. Tanzania ilianza kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Tiba yao zamani ilikuwa ya miezi 20 hivi pamoja na sindano nyingi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpango wa vidonge pekee wa miezi 6 kwa wengi wao.

Kwa hiyo mtu akisema ana ugonjwa sugu, swali la kwanza ni hili: umekaa, au umekataa dawa? Kisukari na shinikizo la damu hukaa. Kifua kikuu cha Kibong'oto kimekataa. UTI ya dukani Buhembe haijulikani bado iko upande gani, na haitajulikana mpaka mkojo upelekwe maabara, bakteria waoteshwe, kisha wajaribiwe kwa dawa moja baada ya nyingine. Wengine wataambiwa dawa imeshindwa. Wengine watagundulika hawakuwa na UTI tangu mwanzo, na maumivu yao yana chanzo kingine.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani hasa amekuwa sugu? Mitaani jibu lililozoeleka ni mwili. "Mwili wangu umeshazoea dawa hizi," husemwa. Kuligeuza jibu hilo hakuna mahali pazuri kuliko Muleba, kusini mwa Bukoba, kandokando ya Ziwa Victoria. Huko usugu ulionekana bila mgonjwa kumeza chochote.

Muleba imeijua malaria kwa milipuko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilijaza wodi, na mwaka 2006 mlipuko ukarudi. Mwaka uliofuata ulianza upuliziaji wa dawa ukoko, yaani dawa inayoganda ukutani na kumuua mbu anayetua kupumzika baada ya kunyonya damu. Dawa yenyewe ilikuwa ya kundi la pairethroidi, kundi lilelile linalowekwa kwenye vyandarua. Kwa muda ilifanya kazi. Lakini watafiti walipowapima mbu wa Muleba mwaka 2011, waliwakuta wakitembea juu ya dawa hiyo na wengi kubaki hai. Wapuliziaji wakahamia dawa ya kundi jingine, bendiokabu, na baada ya miaka michache hiyo nayo ikaanza kupungua nguvu.

Ndipo Muleba ikawa darasa la dunia. Kuanzia 2014, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC cha Moshi na chuo cha tiba za kitropiki cha London waliyagawa maeneo ya wilaya hiyo katika makundi 48. Baadhi ya kaya zilipata vyandarua vya kawaida vya pairethroidi. Nyingine zilipata vyandarua vilivyoongezwa kemikali iitwayo PBO, ambayo yenyewe haimuui mbu, bali huzuia vimeng'enya anavyotumia kuivunjavunja sumu. Baada ya miezi 21, asilimia 62 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya PBO walikuwa asilimia 45. Mwaka 2017, kwa kutegemea matokeo hayo, Shirika la Afya Duniani lilikubali vyandarua vya PBO vitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Watoto wa pande zote mbili walikuwa na miili ya aina moja. Kilichotofautiana ni jinsi mbu alivyokutana na dawa.

Hapa ndipo maana ya asili ya sugu inapoanza kumdanganya msomaji. Kiganja cha mkulima kinaota sugu chenyewe: ngozi ilikuwa laini Januari, ikawa ngumu Machi, na ni ngozi ileile. Mbu hawi sugu kwa njia hiyo. Mbu laini anayegusa chandarua hufa akiwa laini. Lakini katika maelfu ya mbu wa bonde moja huwa wapo wachache waliozaliwa na hitilafu ndogo katika vinasaba. Huenda mlango wa neva ambao sumu huingilia umebadilika umbo, au vimeng'enya vya kuivunja sumu ni vingi kuliko kawaida. Hao hupona na kutaga mayai. Kizazi kinachofuata ni watoto wao. Hakuna aliyezoea chochote; waliokuwa dhaifu wameondolewa na wenye bahati wamebaki. Mambo ni hayohayo kwa bakteria wa mkojo na vimelea vya malaria, isipokuwa wao huzaliana kwa kasi kubwa zaidi.

Ndiyo sababu maneno rasmi yamerefuka. Wizara ya Afya haikomei tena kwenye usugu wa dawa, ambao kwa sarufi tu unaweza kueleweka kwamba dawa ndiyo sugu. Huandika usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Ni istilahi nzito mdomoni, lakini kila kiungo chake kina kazi. Kihusishi "wa" kinamtaja aliye sugu, na "dhidi ya" inataja kilichoshindwa. Kwa mtindo huohuo mtaalamu wa wadudu atasema usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu, na daktari wa VVU atasema usugu wa virusi dhidi ya dawa za kufubaza. Wapo wanaopendelea ukinzani, neno ambalo wanafunzi wa fizikia hulijua kutoka kwenye umeme. Lina faida ya kutochanganywa na ugonjwa wa muda mrefu. Lakini halijashuka mitaani, na istilahi ya afya isiyofika dukani haimsaidii mnunuzi.

Ushahidi wa wazi kwamba aliye sugu ni kimelea ulitoka Malawi. Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, ilikuwa imeshindwa kila mahali Afrika Mashariki. Dalili za kwanza zilionekana Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliiacha mwaka 1993. Miaka 12 baadaye watafiti waliijaribu tena kwa watoto wa Blantyre, ikawaponya karibu wote. Miili ya Wamalawi haikuwa imebadilika. Vimelea vilivyokuwa sugu vilikosa faida ya usugu wao dawa ilipoondolewa, na vile laini vikarudi kutawala.

Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 na kuhamia SP, dawa ambayo leo imebaki kuwa kinga kwa wajawazito. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, jina lililotoka jikoni: mseto ni chakula cha mchele uliopikwa pamoja na choroko. Katika kidonge hicho mna atemetha inayoua vimelea haraka na kuondoka mwilini mapema, na lumefantrini inayokaa siku nyingi ikimalizia vilivyosalia. Kimelea kinachotaka kupona lazima kizishinde zote mbili kwa pamoja. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza, na ni vizuri apate chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu lumefantrini hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu.

Mseto huo nao umeanza kujaribiwa. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba nchini Rwanda kumeenea mabadiliko ya kinasaba yanayokiwezesha kimelea kustahimili dawa za jamii ya atemetha. Mwaka 2022 wagonjwa walifuatiliwa Karagwe, magharibi mwa Bukoba na mpakani na Rwanda. Zaidi ya 1 kati ya 10 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu ya tiba, kipimo ambacho kimataifa hutosha kuwa onyo. Hata hivyo zaidi ya asilimia 90 walipona, kwa sababu lumefantrini ilimaliza kazi. Wataalamu huiita hali hiyo usugu wa sehemu: kimelea kinachelewa kufa, lakini kinakufa. Ukiacha maneno hayo mawili ya mwisho, habari ya Karagwe itasikika Buhembe kama tangazo kwamba mseto hautibu. Hiyo si kweli, na inaweza kumfanya mzazi atafute sindano asiyoihitaji mwanawe.

Basi mama akija zahanati na kusema, "Dokta, huyu mtoto ana malaria sugu, alitibiwa wiki mbili zilizopita," mhudumu makini ana maswali kabla ya kukubali neno hilo. Je, mtoto alimaliza vidonge siku zote 3? Alitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza? Dawa ilitoka wapi? Je, analala ndani ya chandarua, maana katika ukanda wa ziwa kuumwa upya na mbu mwingine ni jambo la kawaida? Na safari ile alipimwa, au alipewa dawa kwa sababu alikuwa na joto? Homa, kichwa, baridi ya kutetemeka, kutapika na viungo kuuma ni dalili za malaria, lakini ni za nimonia, homa ya matumbo na mafua makali pia.

Upo na mtego wa kipimo chenyewe. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta protini inayoachwa na kimelea. Protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa. Kwa hiyo mtoto aliyepona vizuri bado anaweza kuonyesha mistari miwili, akapewa dozi ya pili, na nyumbani ikahesabika kwamba mseto umeshindwa. Katika hali hiyo ni hadubini inayohitajika, ili vimelea hai vionekane kwa macho au vikosekane. Vikionekana ndani ya siku 28 tangu dozi iliyomezwa sawasawa, mhudumu hubadilisha dawa kwa kufuata mwongozo wa taifa. Vikikosekana, homa inatafutiwa chanzo kingine.

Maswali hayo yote husubiri iwapo mtoto ana degedege, amepoteza fahamu, hawezi kunyonya au kunywa, anapumua kwa shida, amepauka viganja au anakojoa mkojo mweusi. Hiyo ni malaria kali, na ukali si usugu: kimelea kinachoua ndani ya siku mbili huenda kinakufa upesi kwa dawa, kikiwahiwa. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali saa hiyohiyo, iwe Bukoba mjini, Rubya, Ndolage au Kagondo, kwa sindano za atesunati. Akizinduka na kuweza kumeza, hukamilishiwa tiba kwa dozi nzima ya mseto uleule wa dukani.