Pindo la Leso

Tulikuwa watazamaji kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili kabla taa hazijazimwa. Ukumbi wenyewe, kama ni ukumbi, ulikuwa chumba cha chini ya kanisa mjini Edinburgh, Uskoti, mwezi wa Agosti, na nje mvua hairuhusu mtu kutoa pua. Binti aliyeniuzia tikiti mlangoni ndiye aliyetokea jukwaani dakika tano baadaye akiwa mama mzee. Kundi zima ni vijana watano, na tamthilia ni mpya, wameiandika wenyewe: ndugu watatu wanataka kuuza nyumba ya mama yao katika mji ambao mgodi wake umefungwa, mnunuzi kashafika, na mama hataki kuinuka kitini.

Kasoro zilikuwapo. Katikati walisema mno. Lakini pale mama alipopewa karatasi atie sahihi, akaanza kutafuta miwani, na miwani i usoni pake, tulicheka, kisha kicheko kikatukwama. Mchezo uliisha kwa dakika hamsini. Hata kuinama vizuri hawakupata nafasi, kundi jingine lilikuwa mlangoni limebeba meza.

Sasa, hii Fringe ilianzaje? Neno lenyewe maana yake ni pindo. Sisi wa Mombasa tunalijua: leso ina mji katikati, na pindo limeuzunguka. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, Edinburgh ilianzisha tamasha kubwa la kimataifa la muziki na maigizo, likaalika wakubwa wa fani. Makundi manane hayakualikwa. Yakaja hivyo hivyo, yakatafuta kumbi zake. Moja liliigiza nje kabisa ya mji, huko Dunfermline. Mwaka 1948 mwandishi wa tamthilia Robert Kemp alilitumia neno hilo la pindo gazetini, likawa jina. Mwaka 1958 makundi yakaunda chama cha kusaidiana mambo ya tikiti na ratiba, kwa sharti moja zito: hakuna kamati ya kukaa mlangoni ikichagua nani aingie.

Mwaka 1966 wanafunzi wa Oxford walileta huko tamthilia ya kijana aitwaye Tom Stoppard, iliyowachukua vijitu wawili wasio na maana katika Hamlet ya Shakespeare na kuwaweka mbele. Yaani watu wa pindoni, katika tamasha la pindoni! Aprili 1967 ikawa London, katika jukwaa la National Theatre.

Lakini tusidanganyane. Mlango wazi si mlango wa bure. Ukumbi hulipiwa, na malazi ya Agosti mjini humo hayashikiki. Yule binti aliniambia walifanya kazi za mikahawani mwaka mzima ili waje, na fedha hizo hazirudi. Tena hata Uingereza, hadi 1968, mchezo wa hadhara ulipaswa kwanza kupitishwa na ofisi ya Lord Chamberlain.

Nikiwa nimekaa pale mawazo yalinirudisha nyumbani. Mwaka 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi ilipewa siku chache tu katika Kenya National Theatre, kwa sababu michezo ya Wazungu ilikuwa imeshika kalenda. Ndani ya nchi yetu, sisi ndio tulikuwa pindo! Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakajenga jukwaa lao wenyewe la wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lugha yao. Hawakungoja mwaliko wa mtu. Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa na polisi.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Wale manane wa 1947 walinyimwa mwaliko. Wetu walinyimwa hata uwanja walioujenga kwa mikono yao. Ndiyo maana siwezi kuwaambia vijana wenzangu, ati, jitokezeni tu, mambo yatakuwa sawa. Yaweza yasiwe sawa. Ninachojua ni kwamba katika hadithi zote hizi hakuna hata mmoja aliyeanza akiwa na hakika ya ukumbi uliojaa.

Nilipotoka, yule binti alikuwa mlangoni tena, vazi la mama mzee bado mwilini. Akaniuliza nimeonaje. Nikamwambia habari ya miwani. Akawaita wenzake wote waje wasikie.

Ninayo tamthilia niliyoiandika miaka miwili iliyopita, imelala sandukuni ikingoja mtu aiulizie. Inahitaji waigizaji wanne na viti viwili. Jumamosi nitaisoma kwa sauti barazani kwetu, baada ya alasiri. Mkija kumi na mmoja, mtakuwa mmejaa.