Barabara ya Bigwa na Chama Kisicho na Viti

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mnaoketi sasa kwenye madawati tuliyoyaacha.

Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, akaniachia uhuru wa kuchagua lipi. Kila tunapokutana katika sherehe yetu, mazungumzo ya jioni huishia kwenye siasa. Miongoni mwetu wako walio katika chama chenye wengi, na wako walio katika vyama vya wachache. Hoja moja husikika kila mara, tena kwa sauti kubwa: kwamba mtu ambaye chama chake hakina mbunge, hakina diwani wala mwenyekiti wa mtaa, anapoteza muda wake bure na afadhali akalime. Hoja hiyo nitaijibu kwa habari za hapa hapa kwetu, wala sihitaji kwenda mbali zaidi ya barabara.

Barabara ninayoisema ni ile inayoanzia Bigwa. Bigwa leo ni kata ya Manispaa ya Morogoro, lakini kwa watu wa mlimani ni mlango. Ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale, unashika njia ya Kiroka, Mkuyuni, Matombo na Mvuha hata ufike Kisaki. Ndizi, mananasi na viungo hushuka kwa njia hiyo. Na katika miaka ya hamsini, pamoja na mizigo hiyo, ilipita siasa.

Tuanze na udongo, maana ndio chanzo cha mambo yote. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliingiwa na hofu kwamba milima ya Uluguru inamomonyoka. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Maji ya milima hii ndiyo yanayolisha mto Ruvu, na Ruvu ndio uti wa mgongo wa maji ya Dar es Salaam. Basi ukaanzishwa mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, wakakatazwa kuchoma majani mashambani, na aliyekaidi akapelekwa mbele ya baraza akatozwa faini au akafungwa.

Mabwana shamba walikuja na michoro yao, lakini mlima wa Matombo si ubao wa kuchorea. Udongo wenye rutuba huko ni tabaka jembamba juu. Ukichimba tuta la ngazi unaufukia ule mzuri na kuuweka juu ule mbaya. Mtu alivunjika mgongo kwa kuchimba, kisha akavuna mahindi machache kuliko mwaka uliotangulia. Upande wa Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza, ngazi hazikuchukiwa hivyo, maana mboga ziliulipa ule jasho. Nalisema hili kwa sababu vitabu vingine vya wakati ule viliwaita Waluguru wavivu na wapinga maendeleo. Mvivu hapandi Uluguru na jembe begani kila asubuhi. Watu walipiga hesabu, wakaona hesabu haiji.

Jambo la pili la kukumbuka ni utawala wenyewe. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na tangu zamani kila ukoo ulikuwa na mkuu wake aliyegawa mashamba ya mlima wake. Sultani mmoja wa Waluguru wote hakuwapo. Masultani waliwekwa na Waingereza katika miaka ya ishirini ili serikali ipate mtu wa kumtuma. Kwa hiyo amri ya matuta ilipotoka, sultani alikuwa upande wa serikali na mshahara wake, na wakuu wa koo walikuwa upande wa mashamba. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na nafasi kubwa isiyo na msemaji.

Hapo ndipo inapoingia TANU, iliyozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Sisi tuliosoma baada ya Uhuru tulizoea kuiona TANU kama mlima uliokuwapo siku zote, na ni vigumu kuirudisha akilini jinsi ilivyokuwa ndogo. Haikuwa na kiti hata kimoja cha kuchaguliwa, kwa kuwa uchaguzi wenyewe haukuwapo. Gavana Edward Twining hakuipenda. Matawi yake yalilazimika kuandikishwa serikalini, na serikali ilikuwa na uwezo wa kukataa. Tena kulikuwa na waraka wa mwaka 1953 uliowakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa chama cha siasa. Fikirini maana yake, ndugu zangu: karani, mganga msaidizi na mwalimu wa shule ya serikali, yaani karibu kila Mwafrika aliyejua kuandika barua rasmi, alifungiwa mlango. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimbidi mwaka 1955 aiache kazi ya ualimu ili aendelee na chama.

Serikali ilidhani kwamba kwa kuwazuia wasomi imekinyima chama viongozi. Ilikosea. Chama kiliwatafuta watu ambao hawakuwa na mshahara wa serikali wa kupoteza: wafanyabiashara wadogo, mafundi cherehani, madereva, wakulima. Dar es Salaam Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alipita katika vikundi vya wanawake wenzake, na katika muda wa miezi michache mwaka 1955 akawaingiza wanawake kwa maelfu. Hakwenda kwao na somo jipya. Alikwenda mahali walipokwisha kuaminiana, akawapa kazi.

Na Uluguru? Ni lazima niseme kwa uangalifu, kwa kuwa watu wa pande zote wamepaka rangi habari hizi. TANU haikuanzisha ugomvi wa matuta. Ugomvi huo ulikuwapo kabla chama hakijazaliwa, na msimamo wa viongozi wake wa juu ulikuwa ni kudai haki bila fujo. Mwezi Julai 1955 moto ukawaka wenyewe. Kule Matombo Sultani Sabu bin Sabu na maofisa wa serikali walikabiliwa na umati wenye hasira, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha. Muda si mrefu serikali ikauacha mpango wa matuta ya lazima. Serikali ilikuwa nyepesi kuwalaumu wanasiasa wa mjini, na huenda lawama hiyo ilikitangaza chama kuliko mkutano wowote wa hadhara.

Kwa maoni yangu, chama kilichokuwa kidogo kilipata viongozi Uluguru kwa sababu kilikuja na mambo mawili ambayo hasira peke yake haina. La kwanza ni tawi: mwenyekiti, katibu, mtunza fedha, kadi, daftari, mkutano wenye siku yake. Mkulima aliyekuwa akinung'unika peke yake shambani akawa na mahali pa kulipeleka neno lake, na mahali pale palikuwa na uzi unaofika hadi Dar es Salaam. Machi mwaka ule ule Nyerere alikuwa amesema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. La pili ni kwamba tawi lilikaa juu ya kitu kilichokuwapo. Aliyesikilizwa na ukoo wake kabla ya kushika kadi ndiye aliyesikilizwa baada ya kuishika.

Basi ukaja uchaguzi wa kwanza, mwaka 1958, na hapa historia inatuchezea kidogo. Jimbo la Mashariki, ambalo Morogoro ilikuwa ndani yake, ndilo alilogombea Nyerere. Mpinzani wake alikuwa Chifu Patrick Kunambi, Mluguru, tena mmoja wa wale 17 walioasisi TANU mwaka 1954! Hakuwa mgeni wala mjinga. Alikuwa msomi mwenye heshima kwa watu wake. Nyerere alipata kura 2,628, Kunambi 802.

Msizisome tarakimu hizo haraka. Ukizijumlisha hazifiki hata 3,500 kwa jimbo zima. Waliochimba matuta wengi wao hawakupiga kura, kwa sababu mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Aidha, kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, la sivyo karatasi yake iliharibika. Chama cha wachanga wa mali kilitegemea kura za makarani na walimu, wale wale waliokatazwa kuwa wanachama. Lakini mkono uliokatazwa kushika kadi haukukatazwa kushika karatasi ya kura. Kazi ya matawi ilikuwa kumjua kila mwenye sifa, kumwandikisha, na kumweleza kwa nini ampe kura Mwasia na Mzungu waliokubaliana na TANU. Kazi hiyo haina shangwe. Wengi walioifanya hawakuwa na haki ya kupiga kura wao wenyewe.

Utaratibu huo wa kura tatu ndio uliokitingisha chama kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Nyerere alisimama upande wa kushiriki, akashinda hoja. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakukubali. Akatoka, akaunda chama chake cha African National Congress. Hasira yake ilikuwa na msingi, maana kura tatu ilikuwa dharau kwa Waafrika. Lakini akawa na hoja bila matawi. Mwaka 1960 chama chake kilipata kura 337 nchi nzima. Katika uchaguzi wa Rais mwaka 1962 Mtemvu alipata kura 21,276, Nyerere 1,127,978. Mwaka uliofuata akarudi TANU.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba kufikia 1962 TANU ilikuwa ndiyo serikali, na kushindana na mwenye serikali si mchezo. Lakini mwaka 1960 huo huo, kule Mbulu, Herman Sarwatt alisimama dhidi ya mgombea rasmi wa TANU, akashinda, wakati viti vingine 70 vyote viliangukia TANU. Naye alikuwa mwana TANU. Alichokuwa nacho zaidi ni watu wa Mbulu. Makao makuu yalikuwa na jina lao, wananchi wakawa na lao.

Miaka ya chama kimoja, 1965 hadi 1992, nitaipita mbio, ila kwa jambo moja. Ndiyo iliyojenga shina la nyumba kumi, na mfumo wa vyama vingi uliporudi Julai 1992, CCM ilikuwa na mtu katika kila nyumba ya kumi wakati vyama vipya vilikuwa na ofisi moja mjini. Wengi wa wenzetu wa upinzani walianzia juu, kwa mgombea urais na helikopta, wakashangaa kuona kitongoji hakitikisiki. Hata hivyo mwaka 2015, katika mkoa wetu huu, CHADEMA ilitwaa Mikumi, Kilombero na Mlimba. Majimbo ya milimani yalibaki CCM, na mwaka 2020 yale matatu nayo yakarudi CCM.

Mtaniuliza kuhusu 2019, na sitakwepa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka ule wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Wanaosema kwamba hapo kazi ya tawi haikusaidia kitu wana hoja. Mwaka 1954 mwenye nguvu alikataza watumishi wake kuingia chamani. Mwaka 2019 fomu ya mgombea ilikataliwa mezani. Mambo hayo mawili hayalingani, na mimi ni mwana CCM wa siku nyingi ninayesema hivi: asilimia 99 haikutujengea viongozi. Mwenyekiti wa mtaa asiyewahi kuombwa ajieleze mbele ya mshindani hajui kama watu wanamtaka au wamemzoea.

Na kijana wa chama cha wachache pale Bigwa, ambaye fomu yake ilikataliwa? Maji ya mtaa bado yana kamati, shule ina mkutano wa wazazi, soko lina ushuru wa kulalamikiwa, na hakuna sheria inayomtaka mtu awe na kiti ndipo aweke hesabu za kisima vizuri. Wale wa 1955 hawakuwa na zaidi ya hapo.

Sasa ombi langu kwa vijana wetu wa vidato vya juu. Majina ya wakubwa yamo vitabuni, lakini makatibu wa matawi kuanzia Kiroka hadi Mvuha hawamo. Waliokuwa na akili timamu mwaka 1955 sasa wamekaribia miaka tisini au wamezidi. Likizo ijayo, anayetoka njia hiyo achukue daftari, akae na babu au bibi yake, aulize nani alitunza kadi, mkutano ulifanyika nyumba gani, na matuta yalichimbwa mlima upi. Mhariri ameahidi kutenga kurasa katika toleo lijalo, na picha za zamani zitapokelewa na kurudishwa kwa wenyewe.